Jadi si Jina la Mtu

Insha yangu ya kwanza kuhusu Nyamira ilikuwa na sauti. Ukifungua tu ukurasa, kabla hujasoma hata neno moja, obokano inaanza kuvuma: nyuzi nane, nzito, za kukukaa kifuani. Nilikuwa nimeirekodi kwa simu harusini, mzee mmoja akipiga huku akitaja wageni mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa insha nikaandika, "Muziki: wa jadi." Wasomaji wakasema imewapa vaibu. Nikajiona nimeweza.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na mzee huyo Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapogusana. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha insha kwenye simu.

"Kijana, huyu Jadi ni nani?"

"Mzee wangu, nilimaanisha ni wimbo wa zamani, wa jamii nzima."

"Wa zamani? Si nilikuwa namsifu bwana harusi wa siku hiyo?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo nahakiki kazi yangu mwenyewe.

Kosa la kwanza ni la masikio. Obokano ni ya kale, sawa. Lakini mpigaji huyatunga maneno yake palepale, kwa watu walio mbele yake. Kuuita wimbo wake "wa jadi" ni kama kusema utenzi ulioandikwa jana hauna mwandishi kwa sababu tenzi ni za zamani. Grandmaster Masese pia hupiga obokano akighani mashairi yake, na hakuna anayethubutu kuandika "jadi" chini ya kazi yake. Yeye ana jina kwenye bango. Mzee wa harusini ana jina pia, ila mimi sikuuliza.

Kosa la pili ni la sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo uliorekodiwa una milango mitatu: mtunzi, mtumbuizaji, na aliyegharamia au kupanga rekodi. Mimi na simu yangu labda tungebisha mlango wa tatu. Ile miwili ya kwanza ni ya mzee. Mtumbuizaji ndiye mwenye kuamua kama onyesho lake lirekodiwe, na kama lipelekwe kwa umma. Pale harusini kila mtu alikuwa ameinua simu, kwa hivyo nilidhani ruhusa imo hewani.

Na ningechagua benga badala yake? Ungekuwa moto uleule. Christopher Monyoncho ameshafariki, lakini haki ya mtunzi hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa. Kujaziwa nyimbo kwenye flashi pale Daraja Mbili hakukupi ruhusa ya kuziweka kwenye tovuti. Hata duka lenye leseni ya kupiga muziki limeruhusiwa kupiga dukani. Kuupakia wimbo mtandaoni ni tendo jingine, linalotaka ruhusa nyingine. Tangu marekebisho ya 2019, mwenye haki anaweza kumpa notisi mtoa huduma za intaneti, na wimbo ukazimwa ndani ya saa 48 za kazi.

Sisi wa majarida ya mtandaoni tuna visingizio vyetu. "Tunampa promo." "Ni sekunde thelathini tu." "Sidai umiliki wa wimbo huu." Hakuna hata kimoja kilichomo kwenye sheria. Kilichomo ni kitu kingine, na ndicho kilichoniumbua: unaweza kutumia kazi ya mtu kwa haki na kwa kiasi, kwa ajili ya uhakiki, mradi utaje chanzo.

Uhakiki! Nikaisoma upya insha yangu nikitafuta sentensi moja tu inayozungumzia ule wimbo. Hakuna. Nilikuwa nimeandika kuhusu ukungu, majani chai na barabara. Obokano niliitundika kama pazia. Ningekuwa nimeeleza kwa nini sauti nzito inashuka kila anapotaja mgeni, kisha nikaweka kipande hicho kifupi na jina la mpigaji, ningekuwa na mguu wa kusimamia. Mara hii sheria na uhakiki vinauliza swali moja: umesikiliza?

Najua hoja ya upande wa pili. Tukiogopa hivi, muziki wa Gusii utapotea mtandaoni, na jarida dogo halina pesa za leseni. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kuomba ruhusa hakukuhitaji bajeti. Kulihitaji nauli ya matatu. Kama msanii ana chaneli yake, mpeleke msomaji huko. Na tusijifiche nyuma ya ukweli kwamba mzee hataenda kortini. Kwa sababu hataenda, mzigo ni wetu.

Nimeshauondoa wimbo. Nilirudi kwa mzee kuomba upya, akakubali jina lake liandikwe palipo na muziki wake, sio kwenye ugomvi wangu huu. Ila akakataa ule wa harusini usirudi.

"Nitakupigia mwingine," akasema. "Ule, uzi mmoja ulikuwa umelegea. Kwani hukusikia?"