Sadaka, Mlengwa na Jirani: Uhakiki wa Lugha ya Wajibu wa Mkristo kwa Mhitaji katika Arua na Koboko

Ikisiri
Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumiwa kuuzungumzia wajibu wa Mkristo kwa maskini katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Yanadai kwamba maneno sadaka na mlengwa, kila moja kwa njia yake, humwondolea mhitaji hadhi ya mtu mwenye haki. Dhana ya jirani, ikisomwa pamoja na historia ya West Nile, inatoa msingi ulio imara zaidi kwa mahubiri na kwa sera.

1. Utangulizi
Ni maeneo machache ya Afrika Mashariki ambamo mtoaji na mpokeaji wamebadilishana nafasi ndani ya kizazi kimoja. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, wakazi wengi wa West Nile walikimbilia kusini mwa Sudan na Zaire. Leo eneo hilohilo linawapokea watu wanaotoka huko: Rhino Camp na Imvepi zina wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, na Lobule, wilayani Koboko, ina Wakongo. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mpaka, hivyo anayeandikishwa kama mgeni aghalabu ni ndugu.
Katika miji hii Kiswahili huishi pamoja na Kilugbara, Kikakwa na Kibangala. Kwa kuwa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, maneno tunayoyachagua sasa ndiyo yatakayoingia katika nyaraka za kesho.

2. Sadaka: neno moja, madhabahu mbili
Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952), neno sadaka hubeba mizigo miwili. Katika Mambo ya Walawi ni kile kinachoteketezwa madhabahuni. Katika Mathayo 6 ni kile anachopewa maskini. Wafasiri hawakukosea, kwani neno lenyewe lina upana huo. Hata hivyo, matumizi ya makanisani yamelielekeza zaidi upande mmoja. Muumini anayesikia tangazo la sadaka huwaza kapu linalopitishwa ibadani, na kapu hilo huwa na madai mengi kabla ya mjane kufikiwa: paa, vyombo vya muziki, safari za viongozi. Maskini na madhabahu wanagombea neno moja, na madhabahu ndiyo yenye mhazini.
Zaka nayo imepatwa na mambo hayohayo. Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iliwe na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mlawi amebaki katika mahubiri. Watatu waliosalia wametajwa kwa nadra. Jambo hili lina uzito wa pekee Koboko, ambako Waislamu ni wengi na maneno sadaka na zaka ni mali ya dini zote mbili. Mkristo anayeyafinya hadi yawe mapato ya kanisa hupoteza pia lugha ambayo angeshirikiana nayo na jirani yake Mwislamu.

3. Mlengwa: mtu asiye na kitenzi
Upande wa mashirika, neno linalotawala ni mlengwa. Sarufi yake inasema mengi. Mhitaji ni mtenda: yeye ndiye anayehitaji, anayejua anachokosa na anayeweza kukitaja. Mlengwa ni mtendwa: kuna mwingine aliyeshika upinde.
Athari yake ilionekana katika migao ya chakula. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi kwa kiwango cha uhitaji, na zile zilizohesabiwa kujitegemea zikaondolewa kabisa. Upungufu wa fedha ulikuwa wa kweli. Swali la kihakiki ni nani aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu njaa ya nani.
Barbara Harrell-Bond aliliuliza swali hili mapema. Kitabu chake Imposing Aid (1986) kiliwahusu Waganda, wengi wao watu wa West Nile, waliokuwa wakimbizi kusini mwa Sudan. Alionyesha jinsi misaada ilivyoshushwa juu ya watu bila kuwashirikisha. Alitahadharisha pia dhidi ya imani kwamba undugu wa Kiafrika hudumu hata ufukara unapozidi. Onyo hilo linawahusu wanaousifia ukarimu wa West Nile kana kwamba haugharimu kitu. Ardhi wanayolima wakimbizi ni ya koo, na koo hizo zenyewe zina maskini wao.

4. Jirani: neno la pande mbili
Mfano wa Msamaria katika Luka 10 huhubiriwa kutoka upande wa mwenye punda. Msikilizaji wa Arua ana sababu ya kuusoma kutoka chini barabarani, kwa kuwa wazazi wake walikuwa pale. Ujirani hauna mtendwa: nikiwa jirani yako, nawe ni jirani yangu. Kwa usomaji huo, kumpokea Mkongo wa Lobule ni kulipa deni, na deni halimdhalilishi anayelipwa.
Matendo ya Mitume 6 linaongeza hatua ya kiutendaji. Mgogoro wa kwanza wa mgao katika kanisa ulihusu lugha: wajane wa Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuhimiza upole tu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walikabidhiwa meza.

5. Hitimisho
Inaweza kupingwa kwamba njaa haitulizwi na istilahi. Ni kweli, lakini istilahi ndizo zinazoamua nani aketi katika kamati. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, makanisa yatenganishe hesabu ya maskini na hesabu ya ibada, na kuitangaza. Pili, kamati za mgao za kanisa ziwe na wakimbizi na maskini wenyeji wenye kura, katika lugha wanazozielewa. Tatu, watafsiri wa nyaraka za sera waache mlengwa na kurejesha mhitaji, ili mwenye njaa abaki na kitenzi chake.