Kufuta si Kuondoa

Katika ghala la intaneti la Google Drive, neno "kufuta" latwishwa mzigo usio wake. Mtumishi aliyeletewa faili asiyoitaka husema ameifuta. Kumbe ameiondoa machoni pake tu, nayo ingali kwa mwenye faili na kwa wote walioshirikishwa. Mwenye faili ndiye awezaye kuifuta, na hata yeye akiitupa hukaa siku 30 katika pipa la taka. Aidha, tangu 2021 mpokeaji aweza kumzuia mtumaji. Hayo ni matendo matatu, nayo yastahili maneno matatu: kuondoa, kufuta, kuzuia. Mfasiri akiyachanganya, mkuu wa ofisi atadhani siri imekwisha, ilhali ingali inasomwa na wengine.