Sumu ya Dume: Jinsi Buibui wa Sydney Alivyofugwa Kwa Ajili ya Tiba

Mwambao wetu humpa buibui heshima asiyopewa mdudu mwingine. Wazee, kwa kukumbuka kisa cha pango la Thaur alimojificha Mtume na utando uliofumwa mlangoni pake, walitukataza tangu utotoni kumwua. Nasi tuliokulia chini ya boriti na makuti, ambamo yeye hutanda pembeni mwa dari pasipo kumbughudhi mtu, hatukupata sababu ya kumwogopa. Kwa hiyo msomaji akielezwa kwamba katika jiji la Sydney, nchini Australia, yuko buibui ambaye akimwuma mtoto mdogo anaweza kumfisha kabla ya jua kuchwa, huenda akadhani anasimuliwa ngano za mabaharia.

Buibui huyo, ambaye wanazuoni humwita Atrax robustus, na ambaye sifa zake ziliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1877 na kasisi wa Kiingereza Octavius Pickard-Cambridge, ni mweusi wa kung'aa mithili ya mpingo uliopigwa msasa, na meno yake mawili ya sumu huelekea chini, sambamba, kama sururu mbili. Hukaa shimoni, mahali penye unyevu, chini ya mawe na magogo, na mlangoni hutandaza nyuzi za hariri ili mdudu apitaye akizigusa, mwenye nyumba apate habari. Jike hukaa humo miaka mingi, aghalabu bila kutoka. Bali dume akishabaleghe hulihama shimo lake, akatangatanga usiku katika miezi ya joto, ambayo kule ni tangu Novemba hadi Aprili, akitafuta jike, na katika safari hizo huingia majumbani, akajificha ndani ya viatu na katika nguo zilizoachwa sakafuni, au akaanguka katika bwawa la kuogelea, ambamo huweza kuzama saa nyingi na kuopolewa akidhaniwa maiti, kumbe yu hai.

Tangu kifo cha kwanza kilichoandikwa, cha mtoto wa miaka 2 katika kitongoji cha Thornleigh mwaka 1927, hadi mwaka 1980, watu 13 walihesabiwa kuwa wameuawa naye. Na kila mara ilipowezekana kutambua jinsi ya buibui aliyeuma, alikuwa dume. Tumezoea kuona katika jamii ya buibui kwamba jike ndiye mkubwa na ndiye wa kuogopwa, na hapa pia jike ni mnene kumshinda mumewe; walakini sumu ya dume imeonekana kuwa kali takriban mara 6 kuliko ya jike. Ndani yake mna protini ndogo, iliyoungwa kwa asidi za amino 42 tu, ambayo ikifika katika mishipa ya fahamu huyazuia malango yapitishayo sodiamu yasifungike sawasawa. Na mshipa usioweza kufunga malango yake huendelea kupeleka ujumbe bila kukoma, hata misuli ikatetemeka, jasho na mate yakabubujika, moyo ukaenda mbio na mapafu yakajaa maji.

Tabibu Struan Sutherland, aliyeongoza utafiti wa kinga katika Commonwealth Serum Laboratories, maabara ya serikali mjini Melbourne, aliikuta kazi ya kutafuta dawa ya sumu hii imekwisha kuwashinda waliomtangulia. Kaida ya kutengeneza kiuasumu ilikuwa ikijulikana zamani: mnyama hudungwa sumu kidogo kidogo, na kipimo kikazidishwa kadiri siku zinavyokwenda, mpaka mwili wake ufanye kingamwili za kuipinga, kisha damu yake hutolewa na kingamwili hizo zikachujwa. Lakini sumu hii iliwadhuru binadamu na jamii ya kima, ilhali mbwa, paka na sungura waliivumilia. Na ilikuwa rahisi kudhani kwamba mwili usiodhurika hauna haja ya kujihami. Sutherland hakuikubali dhana hiyo. Aliwadunga sungura kwa saburi ya miezi, na damu yao, ingawa wao wenyewe hawakuugua, ikatoa kingamwili zilizoweza kuizima sumu. Mwaka 1981 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa dawa hiyo mjini Sydney, akapona. Na tangu hapo hakuna mauti yaliyothibitishwa kuletwa na buibui huyu. Sutherland ndiye pia aliyefundisha kuufunga mguu au mkono ulioumwa kwa bendeji pana iliyokazwa na kuutuliza usitikisike, ili sumu isisambae mpaka mgonjwa afikishwe hospitali.

Sifa za maabara zimeandikwa mara nyingi, na zinastahiki. Mimi napenda kukaa zaidi na upande wa pili wa kazi, ambao ni ufugaji, kwa kuwa pasipo sumu hapana sungura wa kudungwa, na sumu haipatikani ila kwa buibui aliye hai, mwenye afya, na aliyetunzwa na mtu anayezijua tabia zake. Kazi hiyo hufanyika Somersby, mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini ya Sydney, katika Australian Reptile Park, bustani iliyoasisiwa na Eric Worrell, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiipelekea maabara ile ile sumu ya nyoka.

Kumkama buibui ni ustadi wa mkono na jicho. Mfugaji humchokoza dume kwa kumgusa, naye hasira ikimpanda huinua miguu ya mbele, akajitupa nyuma na kuyafunua meno, na nchani mwa kila jino hujikusanya tone dogo kama umande. Hapo huletwa mrija mwembamba wa kioo uliounganishwa na pampu ya kufyonza, tone likavutwa bila jino kuguswa kwa nguvu. Matone hayo ni madogo kiasi kwamba sharti wakamwe buibui wengi, tena na tena, ili ipatikane dozi moja.

Na kumweka hai kwenyewe kuna masharti. Ngozi yake haizuii maji ya mwili kupotea, kwa hiyo hewa kavu humwua upesi kuliko njaa. Lazima udongo wa chombo chake uwe na unyevu daima, na kila mmoja akae peke yake, maana wawili wakiwekwa pamoja mmoja hula mwenziwe. Lakini sharti zito kuliko yote hakuna mfugaji awezaye kulitimiza: dume aliyekwisha baleghe hamalizi mwaka, hata akitunzwa vipi. Hazina ya sumu hupungua kila msimu, na kila msimu yahitaji kujazwa upya.

Kwa sababu hiyo wakazi wenyewe wa Sydney na viunga vyake wameingizwa kazini. Watu wazima huelekezwa jinsi ya kumwingiza dume aliyepotea njia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwa kijiti kirefu na bila kumkaribia kwa mkono, kisha kuitia chupa udongo wenye maji maji na kuifikisha kwenye vituo vilivyotengwa, baadhi yake vikiwa hospitalini. Nalistaajabia sana jambo hili, kwamba mtu amkutaye nyumbani mwake kiumbe awezaye kumwua mwanawe huacha kumponda kwa kiatu, akamchukua salama hadi mlangoni mwa hospitali ile ile ambayo, siku mwanawe akiumwa, atamkimbiza humo.

Baadhi ya madume walioletwa kutoka upande wa Newcastle, kaskazini ya Sydney, walikuwa wakubwa kupita kiasi. Mmoja, aliyepokewa mapema mwaka 2025 na kupewa jina la Hemsworth, alipimwa sentimita 9.2 kutoka mguu hadi mguu. Mwezi wa Januari mwaka huo huo wanazuoni wa Ujerumani na Australia walitangaza kwamba yule aliyedhaniwa kuwa buibui mmoja tangu 1877 ni jamii tatu mbalimbali, na yule wa Newcastle wakampa jina la Atrax christenseni, kwa kumkumbuka Kane Christensen, ambaye alipokuwa akifuga buibui katika bustani ya Somersby alikuwa ameziona tofauti zao kwa macho yake, akiwalisha na kuwakama.