Haya, Aibu na Kicho: Lugha ya Kumkaribia Mungu katika Masikio ya Bariadi

Wito wa kushinda hofu na aibu ili mtu amkaribie Mungu ni sehemu ya kawaida ya mahubiri ya Kikristo katika Mkoa wa Simiyu, mjini Bariadi na vijijini Itilima, Maswa na Meatu. Mara nyingi wito huo hutolewa kwa Kiswahili na huja kwa umbo la amri: usiogope, ondoa aibu, simama ushuhudie. Makala hii inaihoji amri hiyo kwa ushahidi wa lugha. Hoja yake ni kwamba Biblia ya Kiswahili, hasa tafsiri ya Union Version ya 1952, haimwonyeshi mtu akivuliwa aibu kwa kuamriwa. Inamwonyesha akisitiriwa, kisha akiitwa kwa jina la undugu.

Tuanze na msamiati. Kiswahili kilichofika katika makanisa haya kilikuwa lugha ya pwani. Nassa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha Church Missionary Society kabla ya kuchukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909. Waumini wa huko walikuwa na Kisukuma chao, na Kiswahili kiliwajia na maneno yenye historia ya mbali. Haya, aibu na hofu yametokana na Kiarabu. Woga, kicho na soni ni ya asili ya Kibantu. Maana zake hazilingani. Mwenye haya husifiwa, na asiye na haya hutukanwa. Aibu, ambayo katika Kiarabu ilihusu dosari, humpata mtu kutoka nje: hutiwa aibu, hupata aibu, hufichiwa aibu. Ndiyo maana mshirika wake wa karibu ni kitenzi sitiri. Vivyo hivyo, hofu humfukuza mtu mbele ya anayemwogopa, ilhali kicho humsimamisha mbele ya anayemheshimu.

Union Version inaitunza tofauti hii kwa kiasi kikubwa. Katika Mithali, maarifa huanza kwa kumcha Mungu, na katika Waraka wa Kwanza wa Yohana upendo uliokamilika huifukuza hofu. Kama kicho na hofu vingekuwa kitu kimoja, vitabu hivi viwili vingepingana. Hata hivyo, kitenzi cha kwa maana ya kuheshimu kwa hofu kimebaki karibu katika lugha ya dini peke yake. Kijana aliyejifunza Kiswahili shuleni huijua cha ya kumekucha kabla ya kuijua cha ya mcha Mungu. Anapoambiwa aache kuogopa, hana neno jepesi la kumwonyesha kipi kinapaswa kubaki.

Kwa haya na aibu ugumu unazidi. Soni, neno ambalo msemaji wa Kisukuma hulitambua kutoka lugha yake, hubeba maana zote mbili. Soni ndiyo inayomwelekeza mtu namna ya kukaa mbele ya wakwe, na soni hiyohiyo ndiyo inayomfungia ndani aliyeanguka. Msikilizaji anayeipitisha amri ya mhubiri katika neno hilo anaweza kusikia kwamba anatakiwa kuitupa heshima pamoja na fedheha. Akisita, kusita kwake huhesabiwa kuwa uhaba wa imani, ingawa huenda anachokilinda ni adabu.

Simulizi ya Mwanzo inatusaidia hapa. Kabla ya anguko tunaambiwa kwamba mume na mke hawakuona haya. Baada ya anguko msomaji hutarajia neno hilo lirudi, lakini halirudi. Adamu anapoulizwa alipo, anasema kwamba aliogopa, na anautaja uchi wake kuwa sababu. Aibu imejificha nyuma ya hofu kama yeye alivyojificha kati ya miti. Uchaguzi huu wa maneno una maana kwa mhakiki na kwa mchungaji pia: anayesema anaogopa huenda anaona aibu, na kumwambia asiogope ni kujibu neno alilolitamka huku lile lililomfanya ajifiche likibaki palepale. Zaidi ya hayo, Mungu hawaamuru wawili hawa watoke walivyo. Kabla ya kuwatoa bustanini huwavika mavazi ya ngozi. Adhabu haikuondolewa, lakini waliadhibiwa wakiwa wamesitiriwa.

Pingamizi moja lina uzito. Amri ya kutoogopa imejaa katika Biblia. Ni kweli, lakini kwa kawaida huambatana na sababu: anayeamuru hujitambulisha au huahidi kuwapo. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Katika Marko sura ya 5, mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12 anaponywa kwa siri, akitokea nyuma, naye Yesu hamwachi aende kwa siri. Anauliza ni nani aliyemgusa, mpaka mwanamke anajitokeza kwa hofu na kutetemeka na kueleza kweli yote mbele ya umati. Je, huu si msingi wa ushuhuda wa hadharani, ambao tangu miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki uliufanya utanzu kamili wa usemi wa kanisa?

Naona ni msingi wake, kwa sharti moja. Ugonjwa wake ulikuwa umemtenga na watu, kwa hiyo ilifaa arudishwe mbele ya watu. Tena neno la kwanza analojibiwa ni binti. Amezungumza kama mtu asiye na mahali, akajibiwa kama mtoto wa mtu. Kwa Wasukuma, ambao kwao ng'wana likifuatwa na jina la mzazi humtambulisha mtu kwa aliyemzaa, jibu hilo halihitaji maelezo marefu. Ushuhuda unaofuatwa na makofi, kisha minong'ono nyumbani, umechukua nusu ya kwanza ya simulizi hii na kuiacha ya pili. Gharama yake humwangukia aliyesimama: mjane anayeogopa kuitwa mchawi, au msichana aliyepata mimba akiwa shuleni.

Lakini jina la undugu nalo lina hatari yake, na fasihi yetu imeionyesha. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke kutoka Nassa ndiko Ukerewe ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Zakaria anamlea Rosa kwa kipigo, na barua ya mvulana inatosha kumpatia binti huyo adhabu kali. Matokeo yake ni woga wa wanaume wote, woga ambao baba anaudhani kuwa maadili. Rosa anapokuwa mbali na nyumbani woga huo unavunjika, na chini yake hamna haya iliyolelewa ya kumwongoza. Riwaya inafungwa kwa shauri mbele ya Mungu, ambako binti anamshtaki baba yake. Wahakiki wengi wameisoma sehemu hiyo kama mjadala wa malezi. Mimi naisoma pia kama swali la lugha: mtu aliyejifunza neno baba kwa fimbo atalisikiaje anapoambiwa kwamba Mungu ni Baba? Warumi sura ya 8 inaitenga roho ya utumwa na roho ya wana, lakini Rosa hakuwahi kupewa nafasi ya kuzitofautisha.

Kwa hiyo kushinda hofu na aibu si suala la ushupavu wa muumini peke yake. Ni suala la lugha anayoitiwa na nyumba alikojifunzia lugha hiyo. Wafasiri watakaoipitia Biblia ya Kiswahili wasiyaunganishe haya na aibu kwa sababu tu mazungumzo ya leo yanayachanganya. Nao wahubiri wa Bariadi, ambao wengi wao wanazimudu lugha zote mbili, wanaweza kueleza waziwazi ni soni ipi wanayotaka iondoke. Anayeitwa mbele ana haki ya kujua, kabla hajasimama, kama kuna nguo iliyoandaliwa kwa ajili yake.