Masirah, Televisheni na Hesabu ya Siku

Kila majeshi ya nchi kubwa yanapoingia nchi ya watu, barza zetu hapa Ras al Hadd huwaka moto. Huyu kasikiliza BBC, yule kaangalia Al Jazeera, na wote wawili wanaapa kuwa rai ni yao wenyewe. Sisi tuna shaka. Rai nyingi tunazozitetea mpaka kahawa ikapoa tumepewa, na tumepewa kwa njia ambazo hazifanani na ushawishi hata kidogo.

Tuchukue mfano wa jirani. Kusini yetu, ukiifuata pwani ya Sharqiyah, kipo kisiwa cha Masirah. Tarehe 24 Aprili 1980 ndege za Marekani ziliruka kutoka hapo kwenda jangwani Iran, upande wa Tabas, zikutane na helikopta nane zilizotoka kwenye manowari Nimitz. Shabaha ilikuwa kuwatoa Wamarekani waliozuiliwa Tehran tangu tarehe 4 Novemba 1979. Mpango ulihitaji helikopta sita, zikabaki nzima tano. Amri ya kurudi ikatolewa, na katika kuondoka helikopta moja ikaigonga ndege. Wanajeshi wanane wakafa.

Sisi tunasema safari ile ilianza kutayarishwa kwenye televisheni. Tangu Novemba 1979 ABC ilikuwa na kipindi cha kila usiku ambacho jina lake lilisema Marekani imeshikwa mateka. Machi 1980 kikageuzwa kuwa Nightline. Kwenye CBS, Walter Cronkite akawa anafunga taarifa yake ya khabari kwa kutaja idadi ya siku.

Hebu tuitazame lugha hiyo. Uongo haumo, maana siku zilihesabiwa sawasawa. Lakini wafanyakazi wa ubalozi mmoja wamekuwa nchi nzima, na mtazamaji aliyeko kwake Chicago anaambiwa kuwa na yeye kafungwa. Nambari inayopanda kila usiku nayo humfanya mwenye kujadiliana aonekane amelala, hata akiwa anafanya kazi usiku na mchana. Kubwa zaidi ni siku ya kwanza ya hesabu. Ukianza tarehe 4 Novemba 1979, basi mwaka 1953, Mosaddegh alipopinduliwa kwa mkono wa Marekani na Uingereza, uko nje ya kalenda. Mwairani alikuwa akihesabu kutoka hapo, kwa hivyo watu wawili walisoma kalenda mbili na kila mmoja akamwona mwenziwe mwendawazimu.

Hatusemi kuwa mtangazaji ndiye aliyemwamrisha Carter. Rais alikuwa na washauri wake, na uchaguzi ulikuwa mbele yake. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Cyrus Vance, aliupinga mpango ule na akajiuzulu. Tunasema tu kwamba katika hewa ile Vance alikuwa na kazi ngumu kuliko wenziwe.

(Masirah hiyo hiyo, kwa taarifa yenu, ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo ya BBC mpaka 2002, ilipohamishiwa A'Seela, pwani yetu ya bara. Kisiwa kimoja kimerusha ndege na kimerusha sauti, na Shah wa Iran kabla ya kuanguka alilalamika sana kuhusu sauti kuliko ndege.)

Wala tusiwacheke Wamarekani. Waliokuwa Tanzania mwishoni mwa 1978 wanaikumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam. Jeshi la Idi Amin lilivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Nyerere akalihutubia taifa. Sababu ya kupigana ilikuwepo, hilo hatuligombanii. Lakini jeshi lilipovuka mpaka mwaka 1979, na tarehe 11 Aprili likaingia Kampala, ni wangapi kwetu waliouliza lini kazi ya kuikomboa Kagera iligeuka kuwa kazi ya kumwondoa Amin? Jibu lilikwisha kuwemo ndani ya neno moja la redioni, nduli. Adui hufukuzwa mpaka mpakani. Nduli haachwi hai nyuma ya mpaka. Amin alifia Jeddah mwaka 2003, na barzani bado wapo wazee wasioweza kulitaja jina lake bila ya kulitanguliza neno hilo, kama kwamba ndilo alilopewa na wazazi wake.