Mwangwi na Neno: Uhakiki wa Athari za Sauti katika Kazi ya DJ

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kumchunguza fanani na hadhira yake, wakakisahau kinachokaa baina yao: chombo cha sauti. Katika arusi za Lubumbashi, neno la msemaji mara nyingi hupita kwanza mikononi mwa DJ. Makala haya yanadai kuwa DJ huyo naye ni mtunzi, na kwamba athari anazozitumia zipimwe kwa vigezo vya fani.

Mbinu hizi zina historia. Nchini Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, fundi King Tubby aliigeuza meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala: aliondoa uimbaji, akabakiza besi na ngoma, kisha akarejesha kipande cha neno kilichozungukwa na mwangwi. Jijini Dar es Salaam, ma-DJ wa vigodoro waliongeza kasi ya taarabu, na singeli ikazaliwa, mapigo yake yakizidi 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyiko Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliifikisha singeli kwa wasikilizaji wa mbali.

Suala letu hapa ni la kiisimu. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina cha ushairi hukaa katika silabi ya mwisho. Basi DJ anayefungulia mwangwi kwenye silabi ya mwisho peke yake huzaa kina. Anayezishika mbili huhifadhi mkazo na pengine maana. Tuchukue neno "barabara". Mwangwi wa "ra" ni mapigo matupu. Mwangwi wa "bara" hufungua neno jingine ndani ya lile la kwanza. Hiyo ndiyo takriri yenye kazi.

Kinyume chake tulikishuhudia katika arusi moja huko Katuba. Wakati wa kuwashukuru wazee, mwangwi uliachwa wazi. Jina la Ilunga lilikuwa bado linajirudia Kalenga alipotajwa. Ikabaki "nga" isiyo na mwenyewe. Mama mmoja alimwuliza jirani yake kama jina lake limekwisha kusomwa. Katika mji wenye Waluba wengi, warithi wa kasala, utungo unaosifu kwa kutaja majina ya ukoo, kulipoteza jina si kosa la kiufundi tu. Ni kumnyima mtu nafasi yake mbele ya watu.

Huenda msomaji akasema kuwa dansi haihitaji maneno. Kweli, katika singeli sauti iliyoharakishwa hugeuka kuwa ngoma, na hatuoni dosari hapo. Lakini panapotajwa watu, mwangwi ungoje jina likamilike, kisha ulisindikize. Na mwanafunzi anayenukuu utendaji wa arusi asiandike maneno pekee; aonyeshe pia mwangwi ulifunguliwa kwenye silabi gani, na ulifungwa wapi.