Pemba ya The Hague na Pemba ya Shimoni

Tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na albamu mpya. Leo naomba tuhakiki hukumu. Ile ya Oktoba 12, 2021, ambapo Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamua kesi ya Somalia dhidi ya Kenya kuhusu mpaka wa baharini. Iko mtandaoni bure, ina aya zaidi ya 200, na wengi wetu tuliisikia tu kwenye habari: Kenya imepoteza, serikali imeukataa uamuzi, basi, tukaendelea na mambo mengine. Mimi sheria sikusoma, na hata nilichokwenda kusoma chuoni sikukimaliza. Kwa hiyo naisoma kama maandishi mengine yoyote: nani anasimulia, nani anapewa jina, nani anapitwa kana kwamba hayupo.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Somalia ilipeleka kesi Agosti 2014. Ilitaka mpaka ufuate mstari wa katikati, yaani ule ambao kila nukta yake iko umbali sawa kutoka pwani ya kila nchi. Kenya ilitaka mstari ulionyooka kuelekea mashariki kwa kufuata latitudo, ikidai kwamba Somalia iliukubali kwa kunyamaza tangu tangazo la Rais Moi la 1979. Kati ya mistari hiyo kulikuwa na pembetatu ya bahari ya kama kilomita za mraba 100,000, yenye samaki na, hapo ndipo mate yalipodondoka, matumaini ya mafuta na gesi. Vikao vya Machi 2021 Kenya haikuhudhuria. Mahakama ikaikataa hoja ya kunyamaza, ikaanza na mstari wa katikati, halafu ikausogeza kidogo upande wa kaskazini ili Kenya isibanwe sana.

Kwa nini kuusogeza? Hapa ndipo sisi wa pwani ya kusini tunaingia kwenye hadithi, ingawa hakuna aliyetuita. Majaji walisema ukiitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, utaona ya Kenya imeingia ndani, na majirani wawili wanaibana kutoka pande zote. Wakaongeza kwamba Pemba, kisiwa kikubwa chenye watu, mali ya Tanzania, kinazidisha kule kubanwa. Soma tena hayo maneno: chenye watu. Kwenye hukumu nzima, Wapemba ni sifa ya kisiwa, kama vile urefu wake au umbali wake kutoka bara. Wamehesabiwa ili kisiwa kiwe na uzito kwenye hesabu, kisha wakaachwa hapo hapo.

Sasa njoo Shimoni, au Wasini, au Vanga. Huku Pemba si kizuizi kwenye ramani. Ni mjomba, ni shemeji, ni fundi wa mashua. Kwa miaka na miaka wavuvi wa Pemba wamekuja na pepo zao, wakapiga dago, yaani kambi za msimu, wakavua, wakarudi kwao. Wengine hawakurudi. Walioa, walizaa, watoto wakazaa wengine, na huyo mjukuu hajui kwao pengine ila Kwale. Lakini mwezi ule hukumu ilipotoka, wengi wa hawa walikuwa hawana kitambulisho cha Kenya, na cha Tanzania pia hawana. Bila kitambulisho hupati leseni ya kuvua kwa jina lako, husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki. Unavua kwa karatasi za mwenzako na siku akikukasirikia umekwisha. Kwa hiyo kisiwa cha babu zao kiliisaidia Kenya kupata kipande cha bahari mbele ya majaji, na wao wenyewe Kenya haikuwajua. Walitambuliwa rasmi kama jamii ya Kenya mapema 2023, na Julai mwaka huo ndipo wakakabidhiwa vyeti vya uraia.

Najua mtu ataniambia: wacha bwana, mahakama ya mipaka haipimi maisha ya watu, inapima pwani. Sawa. Lakini Kenya yenyewe ilileta wavuvi kwenye hoja zake, ikasema mstari wa katikati utawaumiza. Majaji hawakushawishika. Mimi pia, nikisoma, sishawishiki, ila kwa sababu nyingine. Wavuvi wale wamesimama kwenye hoja kama picha ya harambee: wanaonyeshwa, hawasemi. Serikali iliyolia kwa niaba ya mvuvi wa kaskazini ilikuwa wakati huo huo haimpi mvuvi wa kusini hata karatasi ya kuthibitisha kwamba yupo.

Je, inawezekana kuandika mpaka kwa namna nyingine? Inawezekana, na iliwahi kufanyika papa hapa. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa kubadilishana barua, Desemba 1975 na Julai 1976. Ni barua kavu, za maofisa, hazina mapambo. Lakini ndani yake mna kipengele kinachosema wavuvi wa asili wa nchi zote mbili, wanaovua kwa kujikimu, waruhusiwe kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka. Yaani aliyeandika alijua kuna ngalawa. Alijua samaki na mwenye njaa hawasimami kwenye mstari. Kasoro ipo: hayo maneno "wa asili" ni mtego. Mwenye kwao kuwili ni wa asili wapi? Barua hazijibu, na Wapemba wa Kwale wamelipa bei ya swali hilo kwa vizazi.

Swali hili si la mipaka tu, ni la matumbawe pia. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti iko mkabala na Wasini tangu miaka ya 1970: upande wa Kisite kuvua ni marufuku, upande wa Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Diani-Chale ilitangazwa hifadhi 1995, wavuvi wakapinga, na kwa miaka mingi ikabaki hifadhi ya karatasi. Siwapambi wavuvi. Ugomvi wa nyavu kati ya wenyeji na wageni wa dago ni wa kweli, na nyavu nyingine zinakomba hadi vitoto vya samaki. Lakini sheria za nyavu siku hizi zinasimamiwa na BMU, vikundi vya ufukweni, na humo unaingia kwa jina na karatasi. Utamwambiaje mtu alinde mwamba ilhali daftari lako halimtambui? Mtu asiye na jina humfukuza tu, humshirikishi.

Gazi wameandika vizuri zaidi. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko, kama hekta 117, na pesa zinakwenda kwenye maji na shule za kijiji. Bei bado inaamuliwa mbali na Gazi, hilo tusilifiche. Lakini jina lenyewe ni la Kiswahili na lina neno pamoja ndani yake, na mama wa kijiji anaweza kuuliza pesa ziko wapi. Hata mkataba wa bahari kuu uliopitishwa Umoja wa Mataifa Juni 2023 unataja maarifa ya jamii za wenyeji, wakati unahusu maji ambayo ngalawa zetu hazifiki kabisa.

Hukumu yangu juu ya hukumu, basi: ni maandishi hodari wa kupima na maskini wa watu. Hoja zake zimepangwa, lugha yake haiyumbi, na Somalia ilistahili kusikilizwa. Ila mtu wa baharini akiisoma hatajiona popote.

Kuna andiko jingine linalotuhusu zaidi: pendekezo la hifadhi ya pamoja ya bahari kati ya Kenya na Tanzania, kutoka upande wa Diani-Chale hadi Mkinga. Likikufikia, usianze na ramani. Tafuta aya ya kwanza inayotaja mtu mwenye chombo, kisha uangalie kama ameandikiwa haki au amewekewa marufuku tu.